Wasomaji Wanauliza: Nixon Alikosea Wapi Hasa?

Makala yetu ya toleo lililopita kuhusu marais wa Marekani waliowahi kuandamwa na kashfa imetuletea barua nyingi kutoka Mwanza na mwambao wa ziwa, na nyingi zinamuulizia mtu mmoja: Richard Nixon, rais wa 37, aliyekaa madarakani tangu 20 Januari 1969 hadi alipojiuzulu tarehe 9 Agosti 1974. Tumechagua nane, tumezifupisha, na dawati letu la historia na siasa linazijibu hapa.

Mimi ni mchuuzi wa dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Kijiweni kwetu tumebishana hadi basi. Mtu aliyeshinda majimbo 49 kati ya 50 alikuwa anatafuta nini usiku kwenye ofisi ya wapinzani wake? Mimi naona alisingiziwa.

Hakusingiziwa, ndugu yetu. Angalia tarehe. Ushindi huo ulipatikana 7 Novemba 1972. Wezi waliotumwa na watu wa kampeni yake kwenye ofisi hiyo walikamatwa 17 Juni, karibu miezi mitano kabla, na mpango wao ulikuwa mezani tangu Januari, wakati hakuna mtu Ikulu aliyekuwa na uhakika wa kushinda. Tarehe 27 Januari 1972 mwanasheria wa kampeni, Gordon Liddy, alikwenda ofisini kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, John Mitchell, akiwa na chati zake, akaomba dola milioni 1 za kunasa mazungumzo ya wapinzani, kuteka nyara viongozi wa maandamano na kutumia makahaba kupata siri za Wademokrati. Mitchell ndiye aliyekuwa msimamizi wa sheria za nchi nzima. Hakuita polisi. Alilalamikia ukubwa wa gharama. Liddy akarudi na mpango wa dola 500,000, nao ukakataliwa, na mwishowe ukapitishwa wa dola 250,000.

Walioingia Watergate, jengo lililokuwa na makao makuu ya chama cha Demokrati jijini Washington, walikuwa wameshaingia mara moja mwishoni mwa Mei na kutega vinasa sauti. Kimoja hakikufanya kazi vizuri, ndiyo maana wakarudi. Walibandika mkanda wa gundi kwenye vitasa ili milango isijifunge. Mlinzi wa zamu, Frank Wills, aliuona, akaubandua, akaendelea na doria. Aliporudi akakuta umebandikwa upya. Hapo ndipo alipopiga simu polisi, kabla ya saa nane usiku, na watu watano wakakutwa ndani.

Sasa swali lako la msingi: kwa nini mtu mwenye nafasi nzuri ajiingize kwenye uchafu huu? Jibu liko kwenye tabia yake. Mwaka 1960 alishindwa na John Kennedy kwa kura zisizofika 120,000 kati ya takriban milioni 69, na mwaka 1962 akashindwa tena ugavana wa California. Alibaki na kinyongo ambacho madaraka hayakukiponya. Chini yake Ikulu ilitunza orodha ya maadui: waandishi, wasomi, wafadhili wa upinzani, hata waigizaji. Agosti 1971 msaidizi wake, John Dean, aliandika waraka wa ndani kuhusu namna ya kutumia vyombo vya serikali kuwakomoa maadui wa kisiasa. Septemba mwaka huohuo kikosi cha siri cha Ikulu kilivunja ofisi ya daktari wa akili wa Daniel Ellsberg huko Los Angeles, kikisaka cha kumchafua kwa sababu alitoa nyaraka za vita vya Vietnam kwa magazeti. Kwa hiyo Watergate haikuwa ajali ya usiku mmoja. Mazoea yalikuwepo, na mazoea hayo yalianzia juu.

Lakini yeye binafsi aliwatuma wale wezi? Jibuni moja kwa moja. (Msomaji, Magu)

Hakuna ushahidi uliowahi kuonyesha kwamba aliagiza uvamizi ule. Kosa lake linaanza siku sita baadaye, na hapo ushahidi ni sauti yake mwenyewe.

Wezi walikutwa na karibu dola 2,300, nyingi zikiwa noti za 100 zenye namba zinazofuatana. Noti zinazofuatana namba ni zawadi kwa mpelelezi, kwa sababu benki inaweza kujua ilimpa nani. FBI, wapelelezi wa serikali kuu ya Marekani, wakafuata njia hiyo hadi akaunti ya mmoja wa wezi, Bernard Barker, huko Miami. Humo ilikuwa imeingia hundi ya dola 25,000 kutoka kwa mchangishaji wa kampeni ya Nixon, pamoja na hundi za dola 89,000 zilizopitishiwa Mexico. Jumla dola 114,000, zote za uchaguzi wa rais.

Asubuhi ya 23 Juni 1972 mkuu wa wafanyakazi wa Ikulu, H. R. Haldeman, alimweleza Nixon kwamba FBI wamekaribia kujua fedha zilikotoka, akapendekeza CIA, shirika la ujasusi, wawaambie FBI waachie hapo kwa kisingizio cha usalama wa taifa. Nixon akakubali, tena akaelekeza maneno ya kutumia. Upelelezi wa upande wa Mexico ukakwama kwa takriban wiki mbili, hadi CIA walipokataa kuweka ombi hilo kwenye maandishi.

Halafu kuna fedha za kuwafunga mdomo wezi. Tarehe 21 Machi 1973 Dean alimweleza rais kwamba huenda ikahitajika dola milioni 1 kwa miaka miwili. Nixon hakushtuka. Alijibu kwamba fedha hizo zinaweza kupatikana, na kwa pesa taslimu. Usiku huohuo dola 75,000 zilifikishwa kwa wakili wa Howard Hunt, mmoja wa waliopanga uvamizi. Rais aliyeapa kusimamia sheria anazungumzia hongo ya mashahidi kama mtu anayepanga bajeti ya ofisi. Sisi hatuoni namna ya kulipamba jambo hilo.

Nasoma chuo hapa Nyegezi. Kama mikanda ya sauti ya Ikulu ndiyo iliyommaliza, kwa nini alijirekodi, na kwa nini hakuichoma moto?

Alijirekodi ili baadaye aandike historia kwa namna aliyoitaka yeye, na ili mtu yeyote asije akakana alichomwambia. Mitambo ilifungwa Februari 1971 na walinzi wa rais. Katika ofisi yake kuu kulikuwa na maikrofoni saba: tano ndani ya meza yake na mbili upande wa mahali pa kuotea moto. Waya ziliteremka hadi chumba cha chini kwenye mashine za Sony TC-800B zilizotumia utepe mwembamba sana na kuzunguka taratibu mno ili utepe mmoja uchukue saa nyingi. Hiyo ndiyo sababu sauti ni hafifu, vikombe vikigongana vinafunika maneno.

Kosa la kiufundi lililomponza ni hili: mtambo ulijiwasha wenyewe kwa sauti. Mtangulizi wake, Lyndon Johnson, alichagua nini kirekodiwe. Nixon hakuwa hodari wa mitambo, wasaidizi wakaona afadhali asiguse chochote. Kwa hiyo hakukuwa na kitufe cha kumkumbusha kwamba anarekodiwa, naye alisema yote. Zilikusanyika takriban saa 3,700 za maongezi kabla mitambo haijang'olewa Julai 1973.

Mitambo hiyo ilijulikana kwa watu wachache mno, hadi 16 Julai 1973 Alexander Butterfield, aliyekuwa msaidizi wa Nixon Ikulu, alipoulizwa na kamati ya Seneti iliyochunguza kashfa hiyo akasema ukweli. Kuanzia siku hiyo kuchoma mikanda kungekuwa kuharibu ushahidi mchana kweupe. Nixon pia aliamini mahakama ingemlinda kwa hoja kwamba mazungumzo ya rais ni siri yake.

Hata hivyo mkanda mmoja uliharibiwa. Ule wa 20 Juni 1972, siku ya tatu baada ya uvamizi, una pengo la dakika 18 na nusu lenye mvumo mtupu, katikati ya mazungumzo ya Nixon na Haldeman. Katibu muhtasi wake, Rose Mary Woods, alieleza kwamba alipokuwa akinakili kwa mashine ya Uher 5000 alinyoosha mkono kupokea simu huku mguu ukibaki kwenye pedali, akabonyeza kitufe cha kurekodi kimakosa. Lakini alikubali dakika tano hivi tu. Jopo la wataalamu sita lililoteuliwa kwa ajili ya mahakama lilipima alama ambazo kichwa cha kufutia huacha kwenye utepe kila kinapowashwa na kuzimwa. Likakuta ufutaji wa mara tano au zaidi, kila mmoja umeanzishwa kwa mkono. Mguu uliosahauliwa kwenye pedali hauachi alama za namna hiyo. Aliyefuta hajawahi kuthibitishwa.

Nimesikia kwamba huyu Nixon alitutukana sisi Watanzania. Ni kweli au ni maneno ya mitandaoni? (Mama msomaji, Bukoba)

Tusi lilitoka kinywani mwa mtu mwingine, mama. Nixon alilipokea kwa kicheko, kisha akalisambaza.

Tarehe 25 Oktoba 1971 Umoja wa Mataifa ulipiga kura ya kuirudishia Jamhuri ya Watu wa China kiti chake na kuiondoa Taiwan. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizodhamini azimio hilo. Lilipita kwa kura 76 dhidi ya 35, nchi 17 zikajizuia, na Marekani ikashindwa mbele ya dunia. Ujumbe wetu, ukiongozwa na balozi Salim Ahmed Salim ambaye wakati huo alikuwa na miaka 29, ulishangilia na kucheza ukumbini.

Siku iliyofuata Ronald Reagan, wakati huo gavana wa California, alimpigia Nixon simu. Aliwaita wajumbe wale wa nchi za Afrika nyani, akasema bado viatu vinawasumbua kuvaa. Mkanda unasikika: Nixon anacheka kwa sauti. Hakumzuia wala hakubadilisha mada. Baadaye kidogo akampigia waziri wake wa mambo ya nje, William Rogers, akamrudishia maneno hayo kama maoni ya kufanyiwa kazi. Sehemu hiyo ya mkanda ilitoka hadharani mwaka 2019, Reagan na Nixon wote wakiwa wameshafariki.

Tunalisema hili kwa uchungu, kwa sababu waliotukanwa walikuwa wakifanya kazi ya taifa lao kwa haki kabisa. Kosa lao lilikuwa kupiga kura isiyoipendeza Marekani. Na ukitaka kuona undumilakuwili ulivyo, kumbuka kwamba Julai ya mwaka huohuo Nixon alikuwa ameshamtuma Henry Kissinger Beijing kwa siri, na Februari 1972 akaenda mwenyewe kumpa mkono Mao Zedong. Yale ambayo Watanzania walichezea ngoma Oktoba, yeye alikuwa ameshaanza kuyatafuta kwa mlango wa nyuma.

Jambo moja la kuongeza: mwaka 1981 Salim alipogombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, Marekani, wakati huo chini ya Rais Reagan, ilimpinga kwa kura ya turufu.

Mnamsakama sana. Hakuna jema alilofanya? (Ilemela)

Lipo. Alifungua mlango wa China, alisaini na Wasovieti mkataba wa kupunguza mashindano ya silaha mwaka 1972, na chini yake ilianzishwa mamlaka ya taifa ya mazingira mwaka 1970. Tunayataja kwa sababu ni kweli. Lakini alichofanya vizuri hakimfanyi mwongo kuwa mkweli, na hakiwafufui waliouawa Kambodia, nchi aliyoipiga mabomu kwa siri kuanzia Machi 1969 huku taarifa za kijeshi zikiandikwa uongo kwamba ndege zilipiga Vietnam Kusini. Tena angalia kodi: mshahara wake ulikuwa dola 200,000 kwa mwaka, lakini mwaka 1970 alilipa kodi ya mapato ya dola 792.81 tu, na 1971 dola 878.03. Alidai msamaha wa kodi kwa kuzitoa nyaraka zake kama zawadi kwa taifa, na hati ya zawadi hiyo ikapewa tarehe ya nyuma ili iwahi kabla sheria haijabadilika. Baadaye ilikutwa anadaiwa zaidi ya dola 400,000.

Wasaidizi wake walikuwa wapi? Huku kwetu ukimwambia mkubwa hapana, kazi huna. (Msomaji, Igoma)

Wengi walikubali, na walifungwa. Mitchell alikaa gerezani miezi 19, Haldeman na John Ehrlichman, mshauri wa rais wa mambo ya ndani, miezi 18 kila mmoja, Dean miezi minne. Lakini waliokataa ndio walioiokoa nchi ile, na inafaa wajulikane zaidi ya wezi.

Mwaka 1972 mkuu wa mamlaka ya kodi, Johnnie Walters, aliletewa majina ya wapinzani ili awachunguze. Aliyafungia kwenye kasiki na hayakufanyiwa kazi. Mwaka uliofuata, mwendesha mashtaka maalumu Archibald Cox alidai mikanda, na jioni ya Jumamosi 20 Oktoba 1973 Nixon akaagiza afukuzwe. Mwanasheria Mkuu Elliot Richardson alikataa, akajiuzulu. Amri ikashuka kwa naibu wake, William Ruckelshaus. Naye akakataa, akaondoka. Mtu wa tatu, Robert Bork, ndiye aliyesaini. Ni kweli, walipoteza kazi, kama usemavyo. Lakini wananchi walifurika kwa simu na telegramu, na Bunge likaanza rasmi kujadili kumuondoa rais. Nixon alilazimika kumkubali mwendesha mashtaka mwingine, Leon Jaworski, naye akaidai mikanda ileile. Tarehe 24 Julai 1974 Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 8 kwa 0 kwamba aitoe. Majaji watatu kati ya hao wanane aliwateua yeye mwenyewe.

Na usiseme huku kwetu hayapo. Katika miaka ya 1970 mahabusu waliokamatwa katika msako wa wauaji wa vikongwe mikoani Mwanza na Shinyanga waliteswa, na baadhi yao wakafa mikononi mwa vyombo vya dola. Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Hakumpiga mtu, hakuagiza mtu apigwe. Alijiuzulu kwa sababu waliofanya hivyo walikuwa chini ya wizara yake, na miaka michache baadaye, 1985, akawa rais wa nchi. Mweke kando ya Nixon, ambaye tarehe 30 Aprili 1973 aliwatoa wasaidizi wake kafara na kubaki kitini kwa zaidi ya mwaka, akijua vizuri yaliyosemwa kwenye mikanda.

Naomba utaratibu wa kumuondoa rais wa Marekani, kura kwa kura, na wa kwetu pia. Na kwa nini Nixon hakufungwa? (Sengerema)

Marekani kuna ngazi mbili. Baraza la Wawakilishi, wajumbe 435, linapitisha mashtaka kwa wingi wa kawaida: 218 wakiwepo wote. Seneti yenye watu 100 ndiyo inayohukumu, na zinahitajika theluthi mbili, yaani 67. Kwa maneno mengine rais akiwa na maseneta 34 amepona.

Kwa Nixon, kamati ya sheria ya Baraza yenye wajumbe 38 ilipitisha mashtaka matatu mwishoni mwa Julai 1974: kuzuia haki kutendeka, kura 27 kwa 11, kutumia madaraka vibaya, 28 kwa 10, kudharau amri za Bunge, 21 kwa 17. Shtaka la Kambodia na la kodi yalianguka, 26 kwa 12 kila moja. Sisi tunaona la Kambodia lilistahili kupita kuliko yote. Tarehe 5 Agosti mkanda wa 23 Juni ukatoka, na siku mbili baadaye viongozi wa chama chake, akiwemo seneta Barry Goldwater, walikwenda kumwambia kura 34 hazipo. Akatangaza kujiuzulu tarehe 8, akaondoka tarehe 9. Hivyo Baraza zima halikuwahi kumpigia kura.

Hakufungwa kwa sababu mrithi wake, Gerald Ford, alimsamehe tarehe 8 Septemba 1974, kabla hajashtakiwa, kwa makosa yote ambayo huenda aliyatenda dhidi ya taifa akiwa rais. Wadogo wakaenda jela, mkubwa akarudi California na pensheni yake.

Kwetu utaratibu uko Ibara ya 46A ya Katiba. Hoja itiwe saini na wabunge wasiopungua asilimia 20 ya wabunge wote, ipelekwe kwa Spika siku 30 kabla ya kikao. Ikiungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wote, inaundwa kamati maalumu ya uchunguzi ambayo mwenyekiti wake ni Jaji Mkuu. Baada ya taarifa ya kamati, kumuondoa rais kunahitaji tena theluthi mbili.

Mimi ni mwalimu wa Historia, Nansio. Nataka wanafunzi wajadili mwenendo wa kiongozi bila kuishia kwenye matusi au ushabiki. Nifanyeje?

Mwalimu, wapige marufuku kutumia maneno kama "mbaya" na "mwongo" hadi wawe na ushahidi mezani. Gawa ubao safu tatu: alichosema hadharani na tarehe, kumbukumbu inaonyesha nini na tarehe, nani alijua. Kisha wape tukio moja tu kwa kila kundi la wanafunzi wanne au watano. Matukio mengi kwa mkupuo ndiyo yanayoleta kelele.

Mfano wa kuanzia ni huu. Tarehe 29 Agosti 1972 Nixon aliwaambia waandishi kwamba Dean amefanya uchunguzi na hakuna mfanyakazi yeyote wa sasa wa Ikulu aliyehusika. Safu ya pili: Dean hakufanya uchunguzi wa namna hiyo, na miezi miwili kabla, 23 Juni, rais alikuwa ameshakubali kuwazuia FBI. Safu ya tatu: Haldeman. Hapo mwanafunzi hahitaji kuambiwa aseme nini.

Kuna mtego mmoja. Tarehe 30 Aprili 1974 Nixon alitoa nakala za maandishi za mazungumzo yake, zaidi ya kurasa 1,200, zilizohaririwa na Ikulu yenyewe. Zipo mitandaoni, na mwanafunzi anaweza kuzichukua akidhani ndizo kumbukumbu kamili. Muelekeze kwenye sauti zenyewe, ambazo Maktaba ya Nixon na Hifadhi ya Taifa ya Marekani wanazitoa bure kwenye intaneti. Pakua mapema mahali penye mtandao mzuri, uwe na spika za masikioni na nakala ya maandishi pembeni, kwa sababu Kiingereza chao ni cha kunong'ona na kukatizana. Anza na 23 Juni 1972, kisha 21 Machi 1973. Huo wa pili unachukua takriban saa moja na dakika 40, kwa hiyo ugawe kwa vipindi vitatu, na simamisha pale Dean anapotaja dola milioni 1 kabla hawajasikia jibu la rais, ili kila mwanafunzi aandike kwanza kiongozi mwadilifu angejibu nini.